Vipimo kabla ya upasuaji vinafanyika, fedha haionekani: dalili, chanzo na cha kufanya

Mwongozo huu ni wa wanaoshika bili na madai katika kliniki ya tathmini kabla ya upasuaji: afisa madai, mhasibu wa dirishani, muuguzi kiongozi wa kliniki, mteknolojia wa maabara, na daktari wa usingizi anayefuatwa kila mwisho wa mwezi aje kusaini fomu za wiki tatu zilizopita. Nimeuandika nikizifikiria hospitali za Tanzania, ambako kwenye benchi moja anakaa mgonjwa wa taslimu, wa NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), wa bima ya kampuni na wa msamaha. Wenzetu wa Kenya, waliohama NHIF yao kwenda SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) Oktoba 2024, watakuta fomu na majina tofauti, ila penyo, yaani mianya inakopotelea fedha, ni zile zile.

Mapato yakishuka, kidole cha kwanza huelekezwa kwa bima. Mimi nasema anza ndani. Fedha nyingi ya kliniki hii hupotea kabla dai halijaandikwa: kipimo kimeagizwa kwa mdomo, kimefanyika, majibu yametoka, mgonjwa amepasuliwa na kuruhusiwa, na hakuna mahali kilipoingia kwenye mfumo. Bima haiwezi kukata dai ambalo hukulipeleka. Kwa hiyo dalili hii ya kwanza nitakaa nayo kuliko nyingine zote.

Dalili ya kwanza: majibu yapo kwenye faili, bili haina

Jinsi ya kuthibitisha. Chagua siku moja ya kliniki iliyokwisha pita, siku yenye watu wengi. Usichukue mwezi mzima, utachoka katikati na kuacha. Kaa na orodha ya thieta ya wiki iliyofuata, rejesta ya maabara, na mafaili ya wagonjwa hao. Kwa kila jina, andika vipimo vyenye majibu ndani ya faili, kisha fungua bili yake na weka alama mbele ya kila kilichotozwa. Visivyo na alama ndivyo unavyovitafuta.

Mfano wa faili utakalokutana nalo: mzee wa ngiri, presha iko juu. Ndani ya faili kuna picha kamili ya damu, sukari, kreatinini (kipimo cha figo), kundi la damu na karatasi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Bili ina kumwona daktari, picha kamili ya damu na sukari, basi. Ukifuatilia, unakuta vitatu vilivyokosekana vimepotea kwa njia tatu tofauti. Kreatinini iliongezwa kwa simu; daktari wa usingizi aliona presha, akapiga maabara, na kwa kuwa sampuli ilikuwa bado ipo, mteknolojia akapima kwa nia njema. ECG ilipigwa na muuguzi pale pale kliniki, karatasi ikabandikwa kwenye faili. Kundi la damu lilifanyika benki ya damu, ambako kumbukumbu ni daftari. Mgonjwa mmoja, penyo tatu, na kila moja ina tiba yake.

Sababu, kuanzia inayoonekana zaidi:

Oda ya mdomo au ya simu. Tiba yake ni ya utaratibu kuliko ya kompyuta: maabara ipime, kwa sababu mgonjwa asicheleweshwe, lakini majibu yasitoke mpaka oda iwe imeingia kwenye mfumo. Aliyeomba aiingize mwenyewe. Ukimwachia mteknolojia amwingizie daktari, bima ikiuliza nani aliagiza utakuwa huna jibu. Majibu ya dharura yatoke mara moja, oda ifuate siku hiyo hiyo.

Kipimo kinachofanyika nje ya maabara. ECG, sukari ya kidole, kipimo cha mimba cha mkojo, kupima uwezo wa mapafu. Vyote hivi viko mikononi mwa muuguzi wa kliniki, na muuguzi hajawahi kuambiwa kuwa vinatozwa. Hapa angalia kwanza kama akaunti yake ya mfumo ina ruhusa ya kuingiza huduma. Mara nyingi haina, na huo ndio mwisho wa uchunguzi. Apewe ruhusa, na kando ya mashine ya ECG iwepo rejesta yenye safu ya namba ya bili. Safu ikiwa tupu, msimamizi wa zamu anaona kabla ya kufunga kliniki.

Mfumo ulikatika. Umeme ukienda au mtandao ukigoma, kazi inaendelea kwa karatasi, na mfumo ukirudi karatasi zinabaki kwenye droo. Andaa fomu moja ya siku ya mkatiko yenye jina la mgonjwa, namba ya faili, huduma, muda na sahihi, na mtaje mtu mmoja kwa kila zamu ambaye kazi yake ni kuziingiza. Ukisema "wote mhakikishe", hakuna atakayehakikisha.

Kipimo hakimo kwenye orodha ya bei, au kimo kwa wagonjwa wa taslimu na hakimo kwa wa bima. Jaribu mwenyewe: fungua mgonjwa wa majaribio wa kila kundi la walipaji kisha utafute kila kipimo cha kliniki. Kisipotokea, au kikitokea na bei ya sifuri, umekipata chanzo. Simama hapa. Usiongeze bei wala msimbo kwa mkono wako hata kama mfumo unakuruhusu. Peleka orodha kwa msimamizi wa mfumo pamoja na mhasibu mkuu, maana bei ya bima hutoka kwenye mkataba, na msimbo uliobuniwa dirishani utakuja kukata madai ya idara nyingine.

Inayotokea mara chache kuliko zote, lakini ipo: fedha ilipokelewa mkononi. Ukikuta wagonjwa wa taslimu wenye majibu bila risiti, na ni zamu ile ile kila mara, usimhoji mtu na usigeuke mpelelezi. Tunza nakala za rejesta, mweleze mkuu wako kwa maandishi, na suala liende kwa mkaguzi wa ndani. Katika hospitali za serikali malipo yanapaswa kupita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo ya GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, kwa hiyo mkaguzi anao uwezo wa kuona kilichoingia na kisichoingia.

Neno moja kuhusu benki ya damu. Damu ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama haiuzwi, na usikubali iingie kwenye bili kwa jina jingine. Unachofuatilia hapa ni vipimo, yaani kundi la damu na kulinganisha damu ya mchangiaji na ya mgonjwa, kama mkataba au mwongozo wa bei wa hospitali yako unavitambua.

Dalili ya pili: madai yanaenda, yanarudi yamekatwa

Kabla ya kukata rufaa yoyote, chukua ripoti ya makato ya mwezi mmoja na uipange kwa sababu za kukatwa, siyo kwa majina ya wagonjwa. Utaona sababu mbili au tatu zimebeba sehemu kubwa ya fedha yote. Anza na hizo.

Utambulisho wa mwanachama. Kadi haikuhakikiwa siku ya huduma, au ilihakikiwa siku ya kumwona daktari wa upasuaji na mgonjwa akarudi kwa vipimo siku nyingine bila kuhakikiwa tena. Kliniki yetu ina udhaifu huu kwa sababu mgonjwa huja kwa awamu: leo damu, kesho ECG, wiki ijayo daktari wa usingizi. Kila ujio unahitaji uthibitisho wake. Hakiki namba ya uthibitisho, tarehe na jina jinsi lilivyo kwenye kadi. Hili halihitaji utaalamu, linahitaji mpokezi asiyeruka mtu kwa sababu "huyu alikuwa hapa jana".

Fomu isiyokamilika. Sahihi ya daktari, sahihi ya mgonjwa, tarehe, namba ya usajili wa mtoa huduma. Fomu ya 2A na 2B ya NHIF ikaguliwe mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yako. Akishaondoka kwenda kwao Kibondo, sahihi yake utaipata wapi?

Kipimo hakina sababu ya kitabibu iliyoandikwa. Hapa ndipo ninapowaomba madaktari dakika moja ya ziada. Mama ana fibroidi, anaandaliwa kuondolewa uvimbe, ana presha ya siku nyingi na anatokwa damu nyingi kila mwezi. Fomu imeandikwa D25, msimbo wa fibroidi katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, kisha chini yake picha kamili ya damu, kreatinini na ECG. Mhakiki wa bima anayesoma karatasi hiyo anaona uvimbe wa kizazi na kipimo cha moyo. Anakata ECG, na kwa alichokiona yuko sahihi. Daktari angeongeza I10 kwa ajili ya presha na kutaja upungufu wa damu unaoshukiwa, kila kipimo kingekuwa na mahali pa kusimama. "Vipimo vya kabla ya upasuaji" ni maelezo ya ratiba. Ugonjwa wa mgonjwa unabaki haujatajwa. Andika upasuaji uliopangwa, ugonjwa unaousababisha, na magonjwa mengine yanayoongeza hatari ya usingizi. Kama mgonjwa anayo kweli, yaandikwe. Kama hana, hakuna cha kuandika, na kipimo hicho pengine hakikuhitajika.

Kibali cha awali hakikuombwa. Hii huonekana zaidi kwa vipimo vya gharama kubwa kama eko ya moyo au CT, na kwa bima za kampuni. Soma mkataba wa kila bima, tengeneza ukurasa mmoja wa huduma zinazohitaji kibali, ubandike kwenye meza ya anayepanga miadi. Kibali kikitoka, namba yake iingie kwenye dai. Kubaki kwenye barua pepe ya mtu hakusaidii.

Dai limechelewa. Angalia muda wa mwisho ulioandikwa kwenye mkataba wako na uhesabu siku ambazo fomu hukaa kliniki kabla ya kufika ofisi ya madai. Mara nyingi ucheleweshaji wote uko kwenye rundo linalosubiri sahihi.

Acha na uombe msaada pale unapoombwa "kurekebisha" faili ili lifanane na dai lililokatwa. Kuongeza utambuzi baada ya dai kurudi, kurudisha tarehe nyuma, kusaini kwa niaba ya daktari: hayo ni madai ya udanganyifu, hata kama kipimo kilifanyika kweli. Daktari anaweza kuandika maelezo ya nyongeza yenye tarehe ya leo na sahihi yake, na rufaa ikaenda na maelezo hayo. Zaidi ya hapo, liachie kamati ya madai na mwanasheria wa hospitali. Na usitume picha ya fomu kwenye kundi la WhatsApp ukiomba ushauri; taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Dalili ya tatu: bima moja inakata vipimo vyote kwa sababu ya "kurudia" au "imo kwenye malipo ya upasuaji"

Sababu ya kwanza ni mkataba wa malipo ya jumla. Baadhi ya bima, na baadhi ya hospitali kwa wagonjwa wao wa taslimu, hulipa upasuaji kama furushi: vipimo, thieta, kulazwa na dawa kwa bei moja. Ukitoza vipimo pembeni, vinakatwa kwa haki. Kanuni ya namna hii siyo ya kwetu tu. Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, huhesabu vipimo vilivyofanywa na hospitali ndani ya siku 3 kabla ya kulazwa kuwa sehemu ya malipo ya kulazwa kwenyewe. Kwa hiyo uliza: furushi linaanza kuhesabiwa lini? Je, kumwona daktari wa usingizi kumo? Mgonjwa akighairi upasuaji, vipimo vinatozwaje? Kama mkataba hausemi, usibashiri. Andika barua kwa bima kupitia uongozi.

Hata vipimo vilivyo ndani ya furushi viingizwe kwenye mfumo kwa bei yake halisi na alama ya furushi. Wengi huviruka kwa kuwa havilipwi peke yake. Mwaka ukiisha hospitali inakwenda kujadili bei mpya bila kujua furushi linaigharimu nini.

Sababu ya pili ni marudio ya kweli: mgonjwa alipimwa kliniki, akalazwa, wodi ikampima tena kwa sababu majibu hayakuonekana. Tiba iko kwenye faili, siyo kwenye bili. Majibu ya kliniki yakae mbele ya faili, ukurasa mmoja, yenye tarehe.

Dalili ya nne: upasuaji unaahirishwa, vipimo vinarudiwa, hakuna anayelipa mara ya pili

Kwa mgonjwa wa taslimu hili linauma zaidi, maana anaambiwa alipie tena kitu ambacho hakukiharibu yeye. Kagua sababu za kuahirisha kwanza: presha au sukari haijatulia, hakuna kitanda cha ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), damu haijapatikana, thieta imejaa dharura. Presha na sukari ziko ndani ya uwezo wa kliniki. Mgonjwa akionwa mapema, muda wa kumtibu unakuwepo. Akionwa jioni ya kuamkia upasuaji, kinachobaki ni kuahirisha.

Kisha waombe madaktari wa usingizi waandike, kwa hospitali yenu, majibu yapi yanakaa muda gani kwa mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika. Pasipo karatasi hiyo kila daktari ana muda wake, na dirisha linalipia tofauti zao. Kuna kipimo kimoja kisichojadiliwa: sampuli ya kulinganisha damu. Mgonjwa aliyeongezewa damu au aliyekuwa mjamzito ndani ya miezi 3 iliyopita, sampuli yake isizidi siku 3. Hapo marudio ni usalama wa mgonjwa, na ofisi ya fedha haina kauli.

Dalili ya tano: wagonjwa wa taslimu wanaanza vipimo na hawamalizi

Mara nyingi mgonjwa hajui jumla. Anaambiwa alipie damu, analipa. Anarudi, anaambiwa alipie ECG. Anarudi tena, X-ray ya kifua. Safari ya tatu anaishia kituo cha daladala. Mpe hesabu yote mara moja, imeandikwa, kabla hajatoa shilingi ya kwanza: vipimo, kumwona daktari wa usingizi, na makadirio ya upasuaji. Mama mmoja akishajua kuwa inabidi auze mbuzi wawili, atapanga. Anachoshindwa ni kuuza mmoja leo na kuambiwa kesho kuwa hakutosha.

Baada ya hapo angalia namba za malipo zilizoisha muda, na mtandao wa simu uliogoma wakati wa kulipa. Angalia pia kama ana haki ya msamaha. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha kisera katika vituo vya serikali, na kuna wasio na uwezo wa kulipa wanaotambuliwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Mpeleke huko mapema, asisubiri mpaka aaibike dirishani. Huduma ya msamaha nayo iingie kwenye mfumo kwa thamani yake. Isiyoandikwa haiwezi kuonekana kwenye bajeti.

Simama kama mgonjwa ni wa dharura. Mimba iliyotunga nje ya kizazi, utumbo uliojisokota, ajali inayovuja damu: vipimo vifanyike, bili ifuate.

Dalili ya sita: mapato ya vipimo yamepanda ghafla

Hii wengi hawaihesabu kuwa tatizo. Ihesabu. Kama idadi ya upasuaji haijaongezeka na vipimo vimeongezeka, uwezekano wa kwanza ni mzuri: penyo zimezibwa. Linganisha na rejesta. Vipimo vilivyofanyika vikiwa vile vile na vilivyotozwa vimepanda, kazi imefanyika.

Uwezekano wa pili ni fomu yenye vipimo vyote vimetiwa tiki tayari, kila mgonjwa sawa, kijana wa miaka 22 mwenye kivimbe cha mafuta mgongoni na bibi mwenye moyo uliotanuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika New England Journal of Medicine, wenye wagonjwa zaidi ya 18,000 wa upasuaji wa mtoto wa jicho, uligawa watu wenye kupimwa kwa mazoea na wasiopimwa. Matatizo ya kiafya yalikuwa yale yale pande zote mbili, takriban 31 kwa kila upasuaji 1,000. Kipimo kisicho na sababu humgharimu mgonjwa, hukatwa na bima, na kikileta jibu la kutatanisha huahirisha upasuaji uliokuwa salama.

Uamuzi wa nani apimwe nini si wa ofisi ya mapato. Afisa madai asimwambie daktari aongeze kipimo, na asimwambie apunguze. Kazi yako ni kupeleka takwimu kwa mkuu wa idara ya usingizi: vipimo vingapi kwa kila aina ya upasuaji, vingapi vilikatwa, kwa sababu gani. Akiwa na karatasi hiyo mkononi, yeye na madaktari wa upasuaji wataondoa tiki za tayari na kuandika orodha kwa aina ya upasuaji na hali ya mgonjwa. Orodha hiyo ikishasainiwa, nakala yake iende maabara, dirishani na ofisi ya madai siku hiyo hiyo, na ile fomu ya zamani iondolewe kwenye makabati yote.